Bwawa Likipasuka, Tusimsingizie Mungu

Kila masika tunapowaombea wanaoishi mabondeni, tunaikumbuka tarehe 9 Mei 2018 kule Solai, Nakuru, bwawa la udongo la shambani lilipopasuka usiku na kuua watu zaidi ya 40, wakiwemo watoto. Katika misiba ya namna hii husemwa kwamba ni mapenzi ya Mungu. Sisi mapadre nasi tumeyasema hayo, pengine kwa haraka mno.

Usemi huo umewahi kuwafaa wenye mali. Huko South Fork, Pennsylvania, klabu ya matajiri wa Marekani, akiwemo Andrew Carnegie, ilimiliki bwawa la udongo kwa ajili ya uvuvi wa starehe na mashua. Mabomba ya kupunguzia maji yalikuwa yamekwisha kung'olewa na mmiliki aliyetangulia, klabu haikuyarudisha. Kilele cha tuta kilishushwa ili magari ya farasi yapate kupishana. Kwenye njia ya kumwaga maji ya ziada ukawekwa wavu wa chuma, samaki wasitoroke. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilikuwa kubwa, takataka zikauziba wavu, maji yakapita juu ya tuta na kulimega. Bondeni, mjini Johnstown na vijijini, walikufa watu 2,209. Waliodai fidia mahakamani hawakupata kitu kutoka kwa klabu: lilihesabiwa kuwa tendo la Mungu.

Mvua ni ya Mungu, naam. Wavu ule ulikuwa wa samaki wa matajiri.

Bwana wetu, alipoulizwa juu ya maafa, aliwataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Lk 13:4), akakataa kuwahesabu kuwa wakosefu kupita wengine. Basi nasi tusiwatwishe marehemu dhambi, wala tusimtwishe Mungu uzembe wa wanadamu.

Leo mabwawa ya mapumziko yanaongezeka: ya hoteli, ya mashamba, ya kupigia picha za arusi. Hatuyapingi, yanatoa ajira, na samaki ni chakula. Lakini jumuiya ndogo ndogo zilizo chini ya bwawa zina haki ya kumwuliza mwenyewe, kwa heshima na kwa maandishi: Je, kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji kipo? Nani alilikagua tuta, na lini? Njia ya maji ya ziada i wazi, au imeota vichaka? Na maji yakizidi usiku, nani atatupigia simu?

Barua hiyo iandikwe wakati wa kiangazi, tuta likiwa kavu na nyufa zikionekana.