Kuwapeleka Watoto Bujumbura



Wazazi kadhaa wa Lubarika na Luvungi wametuuliza jambo moja, na kila mmoja ameliuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ni dhambi ya kuungama. Je, yafaa baba wa watoto watano atumie fedha za mavuno kuwapeleka watoto kutazama mji? Hawaendi hospitali, hawaendi msibani, wala hawana mzigo wa kuuza. Wanakwenda kutazama tu. Majirani watasemaje?

Majirani watasema, hilo halina shaka. Watasema fedha hizo zingenunua mabati, au zingelipa ada ya shule. Nasi hatusemi kwamba ni waongo. Mwenye deni la shule asiende popote. Kwanza deni, kisha matembezi. Lakini aliyekwisha kulipa, akabakiwa na kidogo, akawa anachagua kati ya kreti za bia za sikukuu na safari ya siku mbili pamoja na mkewe na watoto, huyo twamshauri waziwazi achague safari.

Sababu yetu si kwamba mji ni bora kuliko bonde. Sababu ni hii. Mwezi wa Februari 2025 vita vilipofika Bukavu na kushuka kuelekea bonde la Ruzizi, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto wakaingia Burundi. Wengi wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba mwaka ule ule vita vikafika Uvira penyewe, na watu wakavuka tena. Kwa hiyo wako watoto wengi wa kwetu walioijua ng'ambo ya mto kwa njia moja tu: wakivutwa mkono gizani, mama akiwa na godoro kichwani, na hakuna mtu mwenye nafasi ya kuwajibu maswali. Mtoto wa namna hiyo ukimtajia Burundi hukumbuka tope na foleni ya chakula. Twasema kwamba mtoto huyo anastahili kuiona nchi ile japo mara moja kwa mchana, amevaa viatu, na wazazi wake wako karibu kumwambia hiki ni nini na kile ni nini.

Tena waende wote. Kuna desturi iliyozoeleka mno, ya baba kumchukua mtoto wa kiume wa kwanza na kumwacha mama na wasichana walinde nyumba na mbuzi. Baba mmoja alituuliza binti yake atafaidi nini kwa kutazama jiwe na mnara. Tukamwuliza mwanawe wa kiume alifaidi nini katika safari zake tatu za Uvira. Alicheka, akafikiri, akanyamaza. Mbuzi waachiwe shangazi.

Sisi tulikwenda mwezi wa Agosti 2022, wakati wa likizo, wazazi wawili na watoto wanne, mkubwa akiwa na miaka 13 na mdogo miaka 6. Tutaeleza tuliyoyaona, si yote, maana mengine hayakuwa na maana kubwa.

Mji hauanzii mpakani. Barabara yenyewe ni kitabu, na wazazi wengi huwaacha watoto wasinzie hapo ambapo wangewafumbua macho. Kutoka Luvungi tulipita Bwegera na Luberizi hata Sange. Pale Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kukinga petroli iliyokuwa ikimwagika, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 230. Wengi walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Tuliwaambia watoto habari hiyo tukiwa mahali penyewe, bila kuipamba. Mkubwa aliuliza kama waliokufa walikuwa wezi. Tukamjibu kwamba walikuwa maskini walioona kitu cha bure njiani, na kwamba yeye naye angekimbia na kidumu chake, na ndiyo maana tunamwambia. Halafu Kiliba ya miwa, halafu Kavimvira.

Atakayesafiri siku hizi asiache kuingia Uvira kwanza, japo kwa nusu saa, akawaonyeshe watoto Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Hapo Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, walitangazwa kuwa Wenyeheri mapadri Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na padri Luigi Carrara na bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi siku moja, tarehe 28 Novemba 1964. Mtoto akiambiwa habari za mashahidi wa Roma peke yao, hudhani utakatifu ni jambo la nchi za mbali.

Mpakani tulisimama muda mrefu. Kila mtoto awe na karatasi zake na kadi yake ya chanjo, na zote zikae mikononi mwa mtu mmoja. Kwetu zilikaa kwa mama. Baba husalimiana na watu wengi mno.

Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni yapata kilomita 30 tu. Baada ya Gatumba gari hupita juu ya daraja la Ruzizi, na hapo tulimwomba dereva aende polepole. Watoto walikuwa wameuzoea mto huu huko kwetu, wakichota maji na kukata matete. Hawakujua kwamba ndio huohuo. Mdogo hakukubali. Alisema mto wetu hauwezi kufika mbali hivi bila kuchoka.

Neno hilo ndilo lililotufanya, kesho yake, tuache mambo mengine tuende Mugere. Ni kusini ya mji, mwendo wa kilomita 10 na zaidi kidogo. Pana jiwe kubwa lililoandikwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25-XI-1871. Wageni wengi huambiwa kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana. Sivyo. Walikutana Ujiji, katika Tanzania ya leo, mwaka ule ule; na huku walikuja pamoja kwa mtumbwi, kwa sababu ya mto wetu.

Yafaa jambo hili lielezwe vizuri, kwani ni letu. Watu wa Ulaya walikuwa wakibishana juu ya chanzo cha Nile. Walijua kwamba kaskazini ya ziwa Tanganyika kuna mto uitwao Ruzizi. Je, mto huo watoka ziwani kwenda kaskazini, au waingia ziwani? Kama watoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, nao wenyeji wakawaambia wazi kwamba mto waingia. Lakini wageni wale hawakufika kwenye mdomo wa mto, na swali likabaki Ulaya likiwa bado wazi. Ikapita miaka 13. Ndipo Livingstone na Stanley walipopigiwa makasia hadi mdomoni, wakaona kwa macho yao: maji yaingia.

Watoto wetu walicheka hata wakashika mbavu. Kumbe jambo hilo angeweza kulijibu mtoto yeyote wa bondeni mwenye kopo la maji! Tuliwaacha wacheke. Kisha tukawauliza: na ninyi je, mwajua maji hayo yakiisha kuingia ziwani huenda wapi? Kimya. Hapo ndipo wakajifunza, wakikaa chini ya mti karibu na jiwe, kwamba Ruzizi hutoka ziwa Kivu, penye mita 1,460 hivi juu ya bahari, hushuka hadi Tanganyika lenye mita 770 hivi. Na kwamba ziwa Tanganyika nalo lina mlango wake upande wa magharibi, mto Lukuga, unaotoka karibu na Kalemie, ukaingia Lualaba, na Lualaba ndio Kongo wenyewe, hata bahari ya Atlantiki. Mkubwa alichora njia yote mchangani kwa kijiti. Mdogo aliuliza kama maji yaliyopita Lubarika yatapita pia Kinshasa. Tukamwambia ndiyo, baada ya siku nyingi sana, yale yasiyokauka njiani kwa jua. Alionekana kutosheka.

Mjini penyewe tulipanda hadi kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, lililo juu ya kilima, ambapo mji wote na ziwa huonekana, na milima ya Uvira nyuma yake. Wakati huo wa jioni watoto waliitazama nchi yao kutoka nje kwa mara ya kwanza. Rwagasore alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, akiwa na miaka 29, Waziri Mkuu wa siku chache tu, na Burundi ikapata uhuru tarehe 1 Julai 1962 yeye hayupo. Watoto wa Kongo hawahitaji maelezo marefu hapo: mwaka ule ule wa 1961, mwezi wa Januari, sisi tulipoteza Lumumba. Mkubwa alitaja jina hilo kabla hatujalitaja.

Katika Musée Vivant tuliona mamba na nyoka. Mamba alilala kama gogo, na watoto walisimama mbele yake kuliko walivyosimama mbele ya kitu kingine chochote. Soko kuu la zamani liliungua tarehe 27 Januari 2013, tulipita tu. Bandarini tulitazama kwa mbali. Maduka makubwa tuliyapita bila kuingia, na hili twalishauri sana, kwani mtoto asiye na fedha akiingizwa dukani hajifunzi ila kutamani.

Buyenzi, kinyume chake, tulikaa saa nyingi kuliko tulivyopanga. Ni mtaa ambao njia zake zina namba badala ya majina, na watu wake husema Kiswahili. Mama mmoja muuza samaki aliwaita watoto wetu "wanangu" akawauliza habari za Uvira. Yeye alisema ndagala, wao wakasema ndakala, wakabishana naye juu ya samaki wale wale wadogo wa ziwa lile lile hata akawapa fungu la bure. Usiku mkubwa wetu alituambia kwamba alidhani ng'ambo ya mpaka kila mtu ni mgeni.

Jumapili tulisali Misa Takatifu katika Kanisa Kuu la Regina Mundi. Misa ilikuwa kwa Kirundi. Watoto walijua wakati wa kusimama na wakati wa kupiga magoti, na mdogo aliitikia kila mahali kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Juu ya fedha: tulibeba mihogo ya kuchemsha, karanga na ndizi za siku ya kwanza, tulilala kwa ndugu, maana ndiyo desturi, na tukawapelekea debe la mchele wa kwetu tusije mikono mitupu. Kila mtoto alikuwa na karatasi mfukoni yenye jina lake, jina la baba, na namba ya simu ya mwenyeji wetu. Nusu ya fedha iliishia kwenye magari. Hatukununua ila madaftari, na sufuria moja ambayo mama aliipenda.

Kuna mzazi atakayesema: mtoto akiisha kuona mji hatashika jembe tena. Tumeliona jambo hilo kwa vijana waliokwenda peke yao, wakaona taa na muziki, wakarudi na maneno makubwa. Kwa watoto walioletwa na wazazi wao bado hatujaliona. Mkubwa wetu alirudi akatundika ukutani ramani ya mto aliyoichora upya daftarini, akaweka alama mahali pa Lubarika. Shambani huenda kama zamani, yaani kwa kusukumwa.

Kwa wanaotaka kwenda likizo ijayo: kabla ya kuuza mbuzi, ulizeni kwanza Kavimvira kama njia ni wazi, na muulize tena siku moja kabla ya kuondoka. Tangu vita vya 2025 habari za mpaka hubadilika upesi. Njia ikifungwa, wekeni fedha kando, mngoje likizo nyingine. Wala msiwapitishe watoto kwa mtumbwi.