Umetazama, au Umesikia?

Leo sina hubiri refu. Nina ungamo na ushauri, na vyote viwili vinahusu runinga.

Juzi nilipanda matatu Kangemi nikielekea mjini. Tulipokwama kwenye msongamano pale Westlands, vijana wawili mbele yangu walikuwa wakibishana kuhusu kipindi cha jana usiku. Mmoja alisema kimeharibika kabisa, hadithi haina kichwa wala miguu, na mwigizaji mkuu hajui kazi. Mwenzake akamuuliza, "Ni wapi hasa palipokuudhi?" Akajibu, "Mimi sijatazama. Nimeona tu vile watu wanasema."

Matatu nzima ikacheka, hata konda. Mimi pia nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nilijiona.

Miaka michache iliyopita nilisimama madhabahuni nikakemea kipindi fulani cha runinga. Nilikuwa nimetumiwa kwenye simu kipande cha nusu dakika, mwanamume akimpiga mkewe huku marafiki zake wakimshangilia. Nikasema hiyo ni kazi ya shetani na kila anayeshiriki kuitengeneza atajibu mbele za Mungu. Kanisa likaitikia Amina kwa nguvu.

Sikujua kwamba katika safu ya nne ameketi binti yetu ambaye kazi yake ilikuwa kuwapaka vipodozi waigizaji wa kipindi hicho. Kwa kazi hiyo alimlipia mdogo wake karo. Fungu la kumi alilotuletea lilitoka huko huko. Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile nyingine.

Mama mmoja wa kanisa ndiye aliyenifumbua macho. Nikampigia binti simu. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja tu: "Pasta, ulikitazama?"

Sikuwa na jibu. Usiku huo nikaketi na mke wangu, tukaanza mwanzo. Tulipofika sehemu ya sita nilitaka ardhi inimeze. Yule mwanamume alikuwa amefikishwa mahakamani, marafiki wamemkimbia, na mkewe amepata mahali pa kukaa. Kipindi kilikuwa kinakemea jambo lile lile nililodhani kinalisifu. Yalikuwepo mengine nisiyoyapenda, na hata leo siyapendi. Lakini nililokemea mimi halikuwepo. Nilimwomba binti yule msamaha mbele ya kanisa lile lile lililoitikia Amina.

Mithali 18:13 inasema wazi kwamba kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na ni aibu. Nilikuwa nimeihubiri aya hiyo mara nyingi. Siku hiyo ilinihubiri mimi.

Mpendwa, sisemi usikosoe. Biblia inatuagiza kujaribu mambo yote na kushika lililo jema, 1 Wathesalonike 5:21. Lakini kujaribu ni kazi. Mtazame Paulo kule Athene, Matendo 17. Mji ulijaa sanamu na roho yake ikachukizwa. Hata hivyo hakukurupuka. Alizunguka, akaziangalia ibada zao kwa makini, akasoma hata maandishi ya madhabahu moja, na alipofungua kinywa aliwatajia maneno ya washairi wao wenyewe. Watu walimsikiliza kwa sababu alijua anachozungumzia.

Chuoni tulifundishwa kusoma Maandiko kwa hatua tatu: kuona, kufasiri, kisha kutumia. Anayeruka hatua ya kwanza, mahubiri yake huwa ni maoni yake tu. Naona hatua hizo zinafaa pia kwa runinga.

Kwanza, ona. Sema umetazama sehemu ngapi na ni nini hasa kilitokea. "Ni kibaya" si ukosoaji, ni hasira. "Mazungumzo ya sehemu ya tatu yalirefushwa mpaka nikasinzia" ni ukosoaji, na mwandishi anaweza kurekebisha.

Pili, fasiri. Uliza hadithi inaelekea wapi. Anayeigiza mwizi si mwizi, na kuonyesha dhambi si sawa na kuisifu. Biblia yenyewe inatuonyesha Daudi juu ya paa akimtazama Bathsheba. Ukikata hapo na kuisambaza, utasema ni kitabu gani hicho?

Tatu, tumia. Kimekufaidi nini, au kimekuharibia nini? Na watoto je? Hapa usichanganye mambo. Bodi ya Kuainisha Filamu huweka alama za GE, PG, 16 na 18. Alama hizo hukuambia kipindi kinamfaa mtu wa umri gani. Hazikuambii kama kimetengenezwa vizuri.

Julai 2022 Netflix ilipotoa Country Queen, tamthilia yake ya kwanza ya Kenya, nilisikia mabishano mengi hapa Nairobi. Ni hadithi ya Akisa, mwanamke aliyejijenga mjini, anayerudi kijijini na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi ya watu wake. Kuna waliosifu kwa sababu ni yetu, na kuna waliokashifu kwa sababu ni yetu. Wachache sana walizungumzia ardhi, ilhali ni nani kati yetu asiyekuwa na kesi ya shamba nyumbani? Sifa ya upendeleo haimsaidii msanii, na dharau haimjengi.

Tena kumbuka nyuma ya kioo kuna mtu. Mzee Ojwang wa Vitimbi, jina lake Benson Wanjau, alituchekesha KBC miaka mingi. Mwaka 2012 ndipo wengi wetu tulipojua kwamba macho yake yanafifia, na Wakenya wakachangishana ili atibiwe. Aliaga dunia Julai 2015. Namshukuru Mungu kwa mchango ule. Lakini tulikuwa tumemtazama miaka hiyo yote bila kujua kwamba yeye hatuoni vizuri.

Binti yetu alirudi kanisani. Hukaa safu ile ile ya nne, na kabla sijakemea jambo lolote macho yangu huenda pale kwanza.

Tuombe: Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu na kwenye vidole vyetu. Tupe subira ya kutazama kabla ya kuhukumu. Amina.

Ukibarikiwa, leo usiandike Amina peke yake. Tuambie kipindi ulichokitazama mwenyewe, sehemu gani, na jambo moja lililokujenga au kukukwaza.