FEDHA, AKILI NA SAUTI YA MKIMBIZI WA DZALEKA

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usemi huu, ambao kila askari ameusikia tangu utotoni, siku hizi umekuwa kanuni ya kazi katika taaluma ya utafiti. Zamani mtaalamu alikwenda kwa maskini akiwa na maswali aliyoyatunga mwenyewe ofisini, akayajaza majibu, akaondoka. Leo unatakiwa utafiti wa namna nyingine, ambao ndani yake yule aliyeyaishi mashaka hushiriki kuyatunga maswali, kuyapima majibu na kuamua matokeo yatumike vipi. Na miongoni mwa mambo yanayotafutwa kwa njia hiyo ni uhusiano wa fedha na afya ya akili: jinsi ukosefu wa fedha unavyoivuruga akili, na jinsi akili iliyovurugika inavyomzidishia mtu umaskini.

Msomaji askari atauliza: jambo hili linatuhusu nini sisi wenye kulinda mipaka na kudumisha amani? Tunajibu kwamba linamhusu sana. Tunachukua mfano wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka na mji wa Lilongwe nchini Malawi, kwa sababu huko askari amekuwa sehemu ya habari yenyewe.

HALI YA DZALEKA

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Katika utawala wa Rais Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Palipangwa pachukue watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa wametoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili chetu ni miongoni mwa lugha zinazosikika kila siku sokoni na makanisani huko.

Malawi si nchi isiyo na huruma. Katika miaka ya vita vya Msumbiji ilipokea wakimbizi zaidi ya milioni moja, mzigo ambao nchi nyingi tajiri zisingeukubali. Lakini ilipoingia katika Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi mwaka 1987, ilijiwekea mipaka juu ya haki za wakimbizi kufanya kazi ya mshahara, kumiliki mali na kwenda watakako. Kwa sababu hiyo mkimbizi anatakiwa akae kambini, na kambini ajira hazitoshi. Anategemea mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, mgao ambao umekatwa zaidi ya mara moja kwa upungufu wa michango. Hata kile kidogo anachokipata hakina thamani ya kudumu. Novemba 2023 Serikali ya Malawi ilishusha thamani ya fedha yake, na dola moja ya Marekani iliyokuwa kwacha 1,180 ikawa kwacha 1,700.

Basi wapo walioondoka kambini wakaenda Lilongwe kufungua vioski na maduka, ili walishe jamaa zao waliobaki nyuma. Mwezi Machi 2023 Serikali ikatoa amri kwamba wote walioko nje warudi kambini kufikia katikati ya Aprili. Tarehe 17 Mei msako ulianza mjini Lilongwe, ukiendeshwa na polisi pamoja na wanajeshi. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi uliofuata kwamba miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo watoto, na kwamba baadhi yao waliwekwa katika gereza la Maula. Kwa mwenye duka, siku moja ilitosha kumrudisha kwenye kungojea mgao.

FEDHA NA AKILI

Wachewa wa Malawi husema mtu ana kuganiza kwambiri, yaani kufikiri kupita kiasi. Washona wa Zimbabwe huita kufungisisa. Waswahili husema fulani ana mawazo. Maneno haya hayakutungwa na madaktari. Yametungwa na watu waliokesha wakihesabu madeni yao gizani, na ndiyo maana yanaeleza vizuri ugonjwa unaoanzia mfukoni na kumalizikia kichwani.

Malawi yenyewe imewahi kuipa dunia ushahidi wa maana juu ya jambo hili. Katika miaka ya 2008 na 2009, wilayani Zomba, wasichana pamoja na wazazi wao walipewa fedha kila mwezi, wengine bila sharti na wengine kwa sharti la kuhudhuria shule. Watafiti waliona kwamba dhiki ya akili ilipungua miongoni mwa wasichana hao wakati fedha zilipokuwa zikitolewa. Lakini fedha zilipokoma, nafuu ile nayo ikatoweka. Tena likaonekana jambo ambalo mtu wa mbali asingelibashiri. Kwa wale waliowekewa sharti la shule, kadiri kiasi alichopewa mzazi kilivyokuwa kikubwa, ndivyo faida kwa akili ya binti ilivyopungua. Binti alikuwa amegeuzwa mhimili wa nyumba: akikosa darasa, jamaa nzima inakosa chakula. Fedha ile ile iliyomponya mmoja ilimwelemea mwingine, kwa sababu ilikuja pamoja na mzigo wa kuwabeba wengine.

Tukirudi Dzaleka tutauona mzigo huo huo. Kijana aliyekuwa akiuza duka Lilongwe hakuwa akijitafutia yeye peke yake. Alikuwa ghala la watu waliobaki kambini. Alipoondolewa mjini, kilichovunjika kilikuwa zaidi ya biashara. Tarakimu za mgao haziwezi kutuonyesha hayo. Anayeweza kuyaeleza ni yule aliyeyaishi.

USHUHUDA UNAVYOGEUKA SHERIA

Wapo wanaodhani kwamba kuwahoji wenye dhiki ni kuwapotezea muda. Mifano inakataa. Uingereza kuna taasisi iitwayo Money and Mental Health Policy Institute, iliyoundwa mwaka 2016 na mwandishi wa habari za fedha, Martin Lewis. Taasisi hiyo hutegemea maelfu ya watu wa kujitolea walioonja wenyewe ugonjwa wa akili, ambao hujibu maswali yake na kueleza jinsi madeni yanavyowasumbua. Ilikuwa miongoni mwa waliopigania utaratibu ulioanza kutumika England na Wales tarehe 4 Mei 2021. Kwa utaratibu huo mdaiwa hupewa siku 60 za kupumua bila riba wala kusumbuliwa na wadai. Na aliye katika matibabu ya dharura ya akili hulindwa muda wote wa matibabu na siku 30 baadaye.

Karibu zaidi na kwetu, mjini Harare, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kazi ya kuwafundisha akina bibi wa mitaani kuwasikiliza wenye mawazo mengi wakiwa wameketi nao juu ya benchi. Bibi hakuja na maneno ya kitabuni. Alitumia lugha ya mgonjwa mwenyewe, akamsaidia kuchagua tatizo moja la kuanzia. Majaribio ya kitaalamu yaliyotangazwa mwaka 2016 yalithibitisha kwamba wagonjwa walipata nafuu kubwa.

Hata hivyo kuna tofauti ambayo hatuna budi kuikabili. Mwingereza anayeeleza kwamba amekopa hapa na pale hahofii kwamba jioni atapakiwa katika gari na kuhamishwa mji. Mkimbizi anayemwambia mtafiti, "Napata riziki yangu Lilongwe," amekwisha kiri kwamba yuko mahali ambapo amri inamkataza kuwapo. Maelezo yake ya afya ni wakati huo huo maelezo ya kosa. Kwa hiyo hatanena. Au atanena yale anayodhani yanatakiwa. Utafiti uliojaa majibu ya woga ni mbaya kuliko kukosa utafiti, kwa kuwa humpa mtawala hakika ya uongo.

Lipo pia suala la malipo. Kumchukulia mtu mwenye njaa saa tatu za siku yake bila kumlipa ni unyonyaji. Lakini kumpa kiasi kikubwa mahali ambapo mgao umekatwa ni kumnyima nafasi ya kukataa. Kwa maoni yetu, njia ya haki ni malipo ya wastani yanayolingana na muda wake, yatolewe hata kwa yule atakayeacha katikati, na itangazwe wazi kwamba kukubali au kukataa hakutagusa mgao wake wala hati zake. Tena matokeo yarudishwe Dzaleka, yasomwe kwa lugha ya watu wa pale. Anayehojiwa miaka nenda miaka rudi bila kuambiwa kilichopatikana ana haki ya kuchoka.

WAJIBU WA ASKARI

Sasa tunafika kwa askari. Wajibu wake wa kwanza ni kuelewa kwamba sare yake hubadili majibu. Akisimama mlangoni pa mahojiano kwa nia njema ya kulinda, aliye ndani ananyamaza. Akidai orodha ya waliohojiwa, ameuua utafiti huo na ujao. Ulinzi wa kazi ya namna hii hufanywa kwa mbali, na siri za mhojiwa huheshimiwa kama siri za mgonjwa.

Tunajua pingamizi litakaloletwa. Serikali yoyote ina haki ya kujua ni nani aliye ndani ya mipaka yake, na wahalifu hujificha kambini. Ni kweli. Mwezi Juni 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba polisi wa Malawi, wakisaidiana na shirika lake la kupambana na dawa za kulevya na uhalifu, walikuwa wamewatambua zaidi ya watu 90 waliokuwa wameuzwa kama bidhaa kupitia Dzaleka. Lakini mfano huo wenyewe unaunga mkono hoja yetu. Mtu aliyeuzwa hawezi kutambuliwa kwa msako peke yake, kwani machoni pa mshikaji hana tofauti na mkimbizi mwingine. Hutambuliwa anapomwamini askari kiasi cha kumsimulia. Na wafanyabiashara wa binadamu huwinda kwanza pale penye deni na kukata tamaa. Polisi anayejifunza namna fedha inavyomsukuma mtu ukingoni anajifunza pia mahali mhalifu atakapotega.

Wajibu wa pili unahusu yule aliyekwisha fika ukingoni. Sheria za jinai ambazo nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati zilizirithi kwa Waingereza, Malawi ikiwamo, zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mahali ambapo kifungu kama hicho kingali kitabuni, polisi wa zamu bado ana uwezo wa kuchagua njia anayoishika kwanza, ya mahabusu au ya hospitali. Tunasema ashike ya hospitali. Mtu aliyetaka kufa kwa deni haponywi kwa faini.

Wajibu wa tatu unamhusu askari mwenyewe. Wanajeshi wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini walikuwa pamoja katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoundwa mwaka 2013 mashariki ya Kongo, na nchi hizo tatu zikapeleka tena majeshi chini ya SADC Desemba 2023, mpaka jumuiya hiyo ilipoamua kuimaliza kazi hiyo Machi 2025. Baadhi yao hawakurudi. Waliorudi wameyaona yale yale yaliyomkimbiza mkazi wa Dzaleka kutoka kwao. Nao wana mikopo, wana karo za watoto, wana wazazi wanaotazamia mshahara kabla haujafika. Lakini askari amefundishwa kutolalamika, na mara nyingi hulipa kwa ukimya huo.

Utafiti wa walioyaishi ungemfaa yeye pia, kwa masharti yale yale tuliyomwekea mkimbizi. Mkuu wa kikosi akiamrisha askari wake wajibu maswali, hiyo si ridhaa, ni gwaride. Majibu yasipite mezani kwa wakubwa wake, wala yasiandikwe katika faili la kupandishwa cheo. Askari akikataa, asiulizwe sababu. Tukiyaona masharti haya kuwa ya haki kwetu, hatuna hoja ya kumnyima mwingine kwa kuwa tu hana uraia.

Sera ya wakimbizi ni kazi ya Serikali na Bunge la Malawi, na askari hatungi sera. Lakini kila amri hufika kwa mwananchi, au kwa mgeni, kwa mkono wa askari na kwa sauti ya askari. Mkono huo unaweza kumwachia mtu muda wa kufunga duka lake na kuhesabu mali yake mbele ya mashahidi, au unaweza kumwacha mtupu. Tofauti ya mambo hayo mawili haiandikwi katika amri yoyote. Lakini ndiyo itakayosimuliwa siku mtafiti atakapouliza ni lini usingizi ulianza kupotea.