Waraka kwa Wanachama: Tuwaandike Wanawake wa Kagera kwa Majina Yao

KWA: Wanachama wote, kikundi cha wahariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili, Kimuli na kata jirani
KUTOKA: Katibu wa kikundi
YAH: MAKALA ZA WANAWAKE WA KAGERA

Ndugu wanachama,

Najua msimu huu wa kahawa wengi wenu mnashinda shambani, na nafasi ya kuandika mnaipata usiku, simu ikiwa na chaji na bando likiwa halijaisha. Kwa kuwa nafasi yenyewe ni ndogo, naomba tukubaliane kuitumia kwa kazi moja: kuwaingiza wanawake wa Kagera katika Wikipedia ya Kiswahili, kila mmoja kwa jina lake, kazi yake na chanzo chake.

Nina sababu ya kuomba hivyo. Novemba 1861, wasafiri Waingereza John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe wakapokewa na mfalme wake, Mukama Rumanyika. Siku moja Speke alimtembelea shemeji wa Mukama, mama aliyenenepeshwa kwa maziwa kama ilivyokuwa heshima ya ikulu wakati ule, akamwomba ampime. Akapima mkono: futi 1 na inchi 11. Kifua: futi 4 na inchi 4. Paja: futi 2 na inchi 7. Akaendelea mpaka kwenye urefu wake, na vipimo vyote akavichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1863. Jina la mama huyo hakuliandika. Kwa zaidi ya miaka 160 wasomaji wa dunia wamejua unene wa mkono wake bila kujua aliitwa nani, wala alikuwa na kauli gani katika nyumba ya Mukama.

Miaka mia moja baadaye, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya Kashasha, Muleba, walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kikaenea hadi wanafunzi 95 kati ya 159, na mwezi Machi shule ikafungwa. Tukio hilo linasimuliwa duniani kote mpaka leo. Wasichana wale wana haki ya faragha yao, wala sisemi tuwatafute majina. Lakini shule yenyewe, walimu wake, na maana yake kwa binti wa Buhaya aliyekuwa amefungiwa milango ya elimu, ni habari inayostahili kuandikwa kwa kina zaidi kuliko kicheko.

Hivyo ndivyo mwanamke wa kwetu alivyoingizwa vitabuni: mara kipimo, mara idadi. Waliomwandika walikuwa wapita njia, wakaandika kilichowashangaza. Sisi tunaokaa hapa tunaweza kuandika kilichofanyika.

Hatuko peke yetu katika jambo hili. Mwaka 2015 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walianzisha mradi wa Women in Red, wakiwa na maana ya viungo vyekundu, yaani majina ambayo bado hayana makala. Wakati huo wanawake walikuwa kama asilimia 15 tu ya wasifu wote. Leo wamefika karibu asilimia 20. Hukusanya nguvu kwa zamu, mara fani fulani, mara eneo fulani, kama nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Mwanasayansi wa Ugiriki au mwandishi wa Tunisia amepata watu wa kumtafutia vyanzo kutoka mabara yote. Mwanamke wa Nkwenda, Nyakahanga au Kimuli ataandikwa na nani kama si sisi, na kwa Kiswahili?

Basi naomba tufuate mambo haya matano.

Kwanza, tuanze na wenye vyanzo tayari. Profesa Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, aliongoza Baraza la Wanawake Tanzania (BAWATA) lilipoanzishwa, akawa mkuu wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia 2000 hadi 2010, na mwaka 2005 aliandika ripoti ya bomoabomoa ya Zimbabwe iliyokadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi au riziki. Barbro Johansson, mwalimu kutoka Uswidi, alifika Bukoba mwaka 1946, akafundisha wasichana Kashasha, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1959 na baadaye akawa raia wa Tanzania. Saida Karoli aliimba kwa Kihaya nchi nzima ikaitikia. Vijana walioicheza "Salome" ya Diamond Platnumz mwaka 2016 wengi hawajui kwamba imetokana na wimbo wake. Hata makala ikiwa ipo, isomeni yote. Ikiwa ni mbegu, ikuzeni. Dai lisilo na tanbihi litafutieni.

Pili, chanzo kwanza, sentensi baadaye. Mei 2018 rasimu ya makala ya Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa katika Wikipedia ya Kiingereza kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel. Kazi yake ilikuwepo miaka yote. Waliomwandika hawakuwa wameiwekea ushahidi wa kutosha. Sisi tunavyo vyanzo vya kuanzia: kumbukumbu rasmi za Bunge kwa waliokuwa wabunge, magazeti, kitabu cha Israel Katoke cha mwaka 1975 kuhusu ufalme wa Karagwe, na kitabu cha Birgitta Larsson cha mwaka 1991 kuhusu wanawake na kanisa kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Anayekwenda Bukoba kwa shughuli zake apitie maktaba ya mkoa, apige picha kurasa zinazohusika na aandike namba za kurasa hizo.

Tatu, msiwalazimishie makala wasio na chanzo. Kila kijiji kina mkunga, mwalimu wa kwanza, au mama aliyeanzisha chama cha akiba ambaye wote tunamjua na hakuna aliyewahi kumchapisha. Makala yake tukiiandika leo itafutwa kesho, na ni haki ifutwe. Njia ni kuanzia nyuma: tumhoji kwa ridhaa yake, habari yake tuipeleke kwenye gazeti, kwenye redio au kwenye jarida la dayosisi. Ikishachapishwa, huenda isitoshe kumpa makala yake mwenyewe, lakini itatosha kumtaja katika makala ya kata yake. Makala za kata zetu nyingi zina mistari michache tu: wilaya, mkoa na idadi ya watu. Humo mna nafasi.

Nne, mtangulizeni kwa kazi yake. Naona mara nyingi tunaanza hivi: "Ni mke wa fulani na mama wa watoto kadhaa." Andikeni hivi: "Anna Kajumulo Tibaijuka (amezaliwa 12 Oktoba 1950) ni mchumi na mwanasiasa wa Tanzania." Ndoa na watoto vina mahali pake chini, kama tunavyofanya kwa wanaume. Wala msimwage tafsiri ya mashine ukurasani. Msomaji wa Kidato cha Pili akikwama katika sentensi ya pili, hatarudi.

Tano, walio hai wanalindwa. Namba ya simu, mahali anapoishi, ugonjwa wake na ugomvi wa kifamilia haviingii, hata kama kijiji kizima kinavijua.

Ninachowaomba sasa ni hiki. Kabla ya mwisho wa mwezi, kila mwanachama anipe jina la mwanamke mmoja wa Kagera pamoja na vyanzo viwili vilivyochapishwa visivyotoka kwake mwenyewe wala kwa ndugu zake. Nitayapanga majina ili watu wawili wasichague mmoja. Asiye na bando aandike kwenye daftari, mwenye kompyuta atampandishia, na historia ya ukurasa itaje nani aliandika nini.

Kazi hii haina posho, na hakuna atakayetupangia. Chagueni jina, tafuteni chanzo, andikeni.

Wenu katika kazi,
Katibu