Undugu wa Koti Jeupe Haujafika Maungu

Mtoto wa jirani yangu aliumwa na kifutu saa mbili usiku, nyuma ya zizi, alipokwenda kufunga mbuzi. Watu wa Maungu hawahitaji kuelezwa kifutu ni nini. Ni nyoka mnene, mvivu, hakimbii anaposikia kishindo. Ukimkanyaga ndipo anakujibu. Tulipofika tayari mtu alikuwa amemfunga mtoto kamba chini ya goti, na mwingine anatafuta jiwe jeusi. Mama mtu akawapokonya mwanawe, akapanda naye bodaboda, mimi nikafuata kwa nyingine.

Kituoni zamu ilikuwa na watu wawili: muuguzi na afisa wa kliniki, kijana asiyefika miaka thelathini. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuilegeza ile kamba, taratibu. Akamlaza mtoto, akaunyoosha mguu na kuufunga ubao usicheze, akamtundikia dripu. Kisha akachukua kalamu, akachora mstari kwenye ngozi pale uvimbe ulipoishia, akaandika saa kando yake. Baada ya nusu saa akachora mwingine. Barua ya rufaa aliyotupa ilikuwa na kila kitu: saa ya kuumwa, saa ya kila mstari, dawa alizompa, mapigo ya moyo, na neno "kifutu" limepigiwa mistari miwili. Dawa ya kuzima sumu hakuwa nayo. Gari alitutafutia mwenyewe, kwa simu yake na kwa salio lake.

Hospitali kubwa tuliyopelekwa sitaitaja. Raundi ya asubuhi ilipofika kitandani lilikuwa kundi la makoti meupe, wanafunzi wa udaktari na mkubwa wao mbele. Mkubwa akaishika barua, akaitazama sahihi kabla ya kusoma kilichoandikwa, akauliza kwa sauti ya kusikika wodi nzima: "Nani ameandika hii? Klinikal?" Wakacheka. Wote. Barua ikasukumwa chini ya godoro, pamba ya spiriti ikapitishwa juu ya ile mistari ya kalamu, na maswali yakaanza upya, kana kwamba usiku kucha mtoto yule hakuwa ameonwa na mtu yeyote mwenye akili.

Mtoto aliishi. Mguu haukurudi ulivyokuwa.

Kicheko kile kina ukoo, nami leo nautaja ukoo huo, kwa sababu wanafunzi wa udaktari wa nchi hii wanajivunia sana undugu wao. Ni undugu wa kweli, sitaubeza. Kijana anaingia chuo akiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, anasimamishwa mbele ya maiti, anashikishwa kisu, na wanaosimama naye kuizunguka ile meza watakuwa wenzake mpaka kaburini. Wakubwa huwarithisha wadogo vitabu, mifupa ya kusomea, mitihani ya miaka iliyopita na majina ya utani ya maprofesa. Wana chama cha kitaifa, MSAKE, na kupitia hicho wamo katika shirikisho la wanafunzi wa udaktari wa dunia lililoundwa Copenhagen mwaka 1951. Miaka sita ya namna hiyo hufanya watu kuwa ndugu. Swali langu ni moja: nani ameachwa nje ya mlango?

Turudi mwanzo kabisa. Kiapo kinachobeba jina la Hippocrates, kabla hakijamfikia mgonjwa, kinaanza na mwalimu. Mwapaji anaahidi kumheshimu aliyemfundisha kama mzazi wake, kuwahesabu wana wa mwalimu kuwa ndugu zake, na kutoa elimu ile kwa waliofungwa na kiapo kilekile tu, si kwa mwingine. Mgonjwa anakuja baadaye. Undugu huu ulizaliwa na ukuta wake.

Wamarekani waliufanya ukuta huo kuwa wa herufi za Kigiriki. Mwaka 1882 wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walianzisha chama cha siri walichokiita Nu Sigma Nu, na vingine vikafuata chuo baada ya chuo, vyenye nyumba, nyimbo, namna ya kupeana mikono na namna ya kuwatesa wageni kabla ya kuwapokea. Wanafunzi wa Kiyahudi walifungiwa milango hiyo. Mwaka 1904, katika shule ya udaktari ya Cornell huko New York, wakaunda chama chao, Phi Delta Epsilon, ambacho kipo hadi leo na kinapokea kila mtu. Aliyefungiwa mlango alijenga nyumba yenye mlango wazi. Muukumbuke mfano huo, maana sisi Afrika Mashariki tulifungiwa mlango uleule, kisha tukafanya kinyume chake.

Hospitali ya Mulago ilianza 1913, na mafunzo ya udaktari ya Makerere yakaanza pale mwaka 1924. Kwa miaka mingi, kijana Mwafrika wa Kenya aliyetaka udaktari bila kuvuka bahari njia yake ilikuwa hiyo, kupanda gari moshi kwenda Kampala. Alisoma, akapasua, akazalisha, akarudi nyumbani, na serikali ya kikoloni ikamwita msaidizi. Msaidizi wa daktari! Mzungu aliyemzidi ngozi tu ndiye aliyekuwa daktari. Yeye alilipwa kidogo, akasimamiwa, sahihi yake ikatazamwa kabla ya kusomwa alichoandika. Baraza la udaktari la Uingereza halikukubali shahada ya Makerere hadi 1957. Ndiyo maana undugu wa madaktari Waafrika ulikuwa mkali kiasi kile: ulisukwa na watu waliochoka kuitwa wasaidizi. Shule ya Dar es Salaam ilipofunguliwa 1963 na ya Nairobi 1967, zilifunguliwa na kizazi kilichokula fedheha hiyo kikaimeza.

Wajukuu wa wasaidizi wale ndio waliosimama mbele ya kitanda cha mtoto wa Maungu wakauliza, "Klinikal?"

Nataka kila mwanafunzi wa udaktari asome sentensi hiyo mara mbili. Dharau mliyomrushia kijana wa kituo chetu ndiyo iliyorushwa kwa babu zenu wa taaluma, kwa sauti ileile na katika wodi zilezile. Mmeirithi pamoja na mifupa ya kusomea.

Mtaniambia hizo ni mila za kale, siku hizi kuna sherehe ya kuvishwa koti jeupe, wazazi wanakuja, picha zinapigwa, watu wanalia kwa furaha. Nimeziona picha hizo, na mzazi anayelia ana haki ya kulia. Lakini wengi hudhani sherehe ile ni ya tangu enzi. Ilianza mwaka 1993, Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Wengi wa wazazi wanaopiga picha ni wakubwa kuliko mila yenyewe. Basi kama mila inaweza kubuniwa juzi ikashika dunia nzima, msiniambie mila haziwezi kubadilishwa. Na walioianzisha waliikusudia imkumbushe mwanafunzi utu wa mgonjwa. Huku kwetu imekuwa siku ya kuwatenganisha wenye koti na wasio nalo.

Mila nyingine haipigwi picha. Ni raundi ya wodi. Bingwa anauliza, mwanafunzi anakosa, bingwa anamfedhehesha mbele ya wenzake na mbele ya mgonjwa aliyelala uchi nusu. Mwanafunzi hana wa kumjibu juu, anajibu chini: kwa mwanafunzi wa mwaka wa nyuma, kwa muuguzi, kwa afisa wa kliniki, mwishowe kwa mama aliyefunga kanga kichwani na hajui kutaja jina la dawa. Fedheha hushuka kama maji ya mlima Kasigau, na sisi tunaishi chini ya mlima. Wanaita kukomazwa. Mimi naliona pigo linalotoka Nairobi asubuhi na kumfikia mtu wa Maungu jioni.

Halafu kuna kambi za matibabu. Huja Jumamosi, hema kando ya barabara kuu, spika, fulana za rangi moja zenye jina la chama mgongoni. Vijana wanapima presha na sukari, wanagawa dawa za minyoo, wanacheza na watoto. Wana moyo mzuri, nimewaona wakitokwa jasho. Saa kumi hema linang'olewa. Lakini zile karatasi walizoandikia presha za wazee wetu wanaondoka nazo. Jumatatu mzee anakwenda kituoni akisema, "Nilipimwa nikaambiwa iko juu," na muuguzi anamuuliza, "Ilikuwa ngapi?" Hajui. Karatasi iko chuoni. Hawakumwachia muuguzi nakala, kwa sababu hawakwenda kumsalimia. Mtu anaingia boma la wenyewe, analisha watoto, anatoka bila kubisha hodi kwa mwenye nyumba!

Migomo ilituonyesha ukuta huu kwa uchungu zaidi. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 5, 2016 hadi Machi 14, 2017, wakidai mkataba uliotiwa sahihi 2013, na viongozi wao wakatupwa jela. Niliwaunga mkono. Juni wauguzi wakagoma, hawakurudi mpaka Novemba, na zahanati za nchi hii, ambazo ni za wauguzi hasa, zikafungwa makufuli. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56. Maafisa wa kliniki nao wakagoma mwaka huohuo, chama chao, madai yao. Serikali ilipotaka kushusha malipo ya madaktari wanagenzi kutoka shilingi 206,400 hadi 70,000, vijana walipiga kelele na walikuwa na haki. Lakini wanagenzi wa uuguzi na wa kliniki nao walikuwa wakisubiri kupangiwa vituo na kulipwa, wengine wakiwa nyumbani kwa miezi. Wangesimama pamoja, serikali ingepata wapi pa kupenyeza kisu? Kila kundi lilishika bango lake. Mgonjwa wa huku alipata kufungiwa milango mara nne badala ya mara moja.

Sisi wa njia hii tunaujua undugu wa kiapo. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Mombasa iliikata nyika ya Taru kwa kiu, na kilima cha Maungu kilikuwa mahali pa kutazamia maji kabla ya kuifikia milima ya Wataita. Rebmann alipita nyika hii 1847 akaenda hadi Kasigau, aliyoiandika Kadiaro. Nyakati hizo mtu wa msafara na mtu wa nchi walichanjiana. Mnyama alichinjwa, chale zikapigwa, nyama ikagusishwa damu, kila mmoja akala ya mwenzake na laana ikatajwa juu ya atakayevunja. Tazameni waliochanjiana walikuwa nani: watu wa lugha mbili, mmoja mwenye bidhaa na mwingine mwenye maji. Mtu hakuchanjiana na ndugu wa tumbo moja, wa nini? Kiapo kilikuwepo kwa ajili ya yule ambaye bila kiapo ungemdharau au ungemwogopa. Kuapa na wenzako wa darasa moja, waliopata alama kama zako, hakukugharimu hata tone.

Nitaambiwa miaka sita ya daktari si sawa na mitatu ya afisa wa kliniki. Ni kweli, na sitaki afisa wa kliniki apasue kichwa cha mtu. Nataka asomwe barua yake. Usiku ule kati ya mtoto na kaburi alisimama yeye na muuguzi mmoja, na mengi ya maradhi ya Maungu huishia mikononi mwa watu kama hao bila kumwona daktari hata mara moja. Madereva wa malori wanaopinduka hapa usiku, wajawazito wa Kasigau, waliokutana na tembo alfajiri, wote hupokelewa kwanza na hao. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017. Huku kwetu aliyepuuzwa pamoja na maradhi ni anayeyatibu.

Kwa hiyo nasema na chama cha wanafunzi wa udaktari moja kwa moja. Voi kuna kampasi ya KMTC, chuo cha maafisa wa kliniki na wauguzi, mwendo mfupi kutoka hapa. Siku ya koti jeupe, waiteni wanafunzi wa huko waketi safu ya mbele, na koti livishwe na muuguzi aliyezeeka zahanati. Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikipeleka wanafunzi wake vituo vya vijijini tangu miaka ya 1990 kama sehemu ya masomo, kwa hiyo hakuna atakayedai haiwezekani. Njooni Maungu wiki sita, mkae chini ya afisa wa kliniki, na alama awape yeye. Mkija na hema, pitieni kituoni kwanza, na mkiondoka acheni karatasi zetu.

Yule mtoto sasa yuko gredi ya nne. Siku ya kuruhusiwa, mama yake aliinua godoro, akaitoa barua ya rufaa, akaikunja ndani ya kitabu chake cha kliniki. Majuzi alinipa niisome tena. Mwandiko ni safi, hauna haraka. Mstari wa kwanza, saa tatu kasoro dakika kumi, chini ya goti. Mstari wa pili, saa tatu na dakika ishirini, juu ya goti.