Mandhari si Tandiko la Miungu

Wapo wataalamu wanaorithishana mizani ya André Félibien, mwandishi wa mihadhara ya Chuo cha Sanaa cha Kifalme cha Paris ya mwaka 1667: mchoraji wa mandhari chini, mchoraji wa visa vya miungu na mashujaa juu. Kwa mizani hiyo miti ni tandiko, na hekaya ndiye mgeni akaliaye.

Dai hili ni bovu. Na aitazame mwenye macho picha ya mwisho ya Claude Lorrain, ya mwaka 1682, iliyoko Oxford. Ascanius amevuta upinde. Ng'ambo ya mto amesimama kulungu wa Sylvia. Mshale haujatoka, walakini miti imekwisha kuinama kwa upepo. Vita vya Latium, avisimuliavyo Virgil kwa beti nyingi, vimo tayari katika matawi yale. Watu wenyewe wamerefushwa hata wakawa kama fito. Si wao wabebao msiba. Ondoa miti, kisa kimekufa.

Nicolas Poussin naye, mwaka 1651, aliwaweka Pyramus na Thisbe chini ya radi, akamwandikia rafiki yake kwamba alikusudia kuchora tufani. Naye ndiye Chuo kile kilimtukuza kuliko wote! Mizani isiyompima Poussin yampima nani?