Kisima Bonde, Karo Halmashauri: Pengo la Vibali Katika Viwanja Vidogo vya Dar es Salaam

Mwishoni mwa mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kilipopungua kutokana na ukame na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Dar es Salaam (DAWASA) kulazimika kutoa maji kwa mgao, wakazi wengi wa jiji walikumbuka thamani ya kisima cha nyumbani. Mgao uliisha, visima vikabaki. Kilichobaki pia ni suala ambalo halipati uzito linaostahili: umbali kati ya kisima cha kaya moja na karo la choo la kaya nyingine, nyuma ya ukuta.

Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, na sehemu kubwa ya kaya zake haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Maji ya chooni na bafuni huishia katika karo, kisha katika shimo la kufyonza lililo ndani ya kiwanja hicho hicho. Karo halisafishi maji. Hutenganisha tope na maji tu. Maji yanayotoka humo bado yana vimelea, na kazi ya kuyachuja huachiwa udongo. Katika mchanga wa pwani, hasa maeneo ya mabondeni ambako maji ya ardhini yako karibu na uso, uchujaji huo una mipaka yake. Ndiyo maana mwenye nyumba anayejivunia kwamba karo lake halijanyonywa kwa miaka kumi anapaswa kuwa na wasiwasi kuliko yule anayeita gari la majitaka kila mara. Tope lisilojaa karo huenda limepata njia ya kutokea chini.

Kisheria, mambo haya mawili yana milango miwili. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamruhusu mwenye ardhi kuchimba kisima cha mkono na kutumia maji yake kwa mahitaji ya nyumbani bila kibali cha kutumia maji. Kisima kirefu cha mashine kina utaratibu mwingine: mchimbaji awe na leseni, na mmiliki apate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Bonde la Wami/Ruvu. Karo, kwa upande wake, hupitia halmashauri. Huchorwa katika ramani inayoombewa kibali cha ujenzi, na afisa afya hulikagua akitumia mamlaka anayopewa na Sheria ya Afya ya Jamii, nayo ya mwaka 2009.

Kila mlango unafanya kazi yake, lakini ramani ya ujenzi huonesha kiwanja cha mwombaji, si kisima cha jirani. Kisima cha mkono, kwa kuwa hakihitaji kibali, mara nyingi hakimo katika kumbukumbu za ofisi yoyote.

Hesabu ndogo inaonesha ukubwa wa tatizo. Umbali unaoshauriwa na wataalamu wa afya ya mazingira kati ya kisima na choo ni angalau mita 30. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita 28 na ushee kutoka pembe hadi pembe. Maana yake ni kwamba hata mwananchi mtiifu kabisa, akiweka karo pembe moja na kisima pembe ya pili, hawezi kutimiza umbali huo, na bado majirani hawajahesabiwa. Kumlaumu mwananchi peke yake hapa si haki.

Gharama ya uzembe inajulikana. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa katika mikoa mingi nchini. Kila masika, baadhi ya kaya bado hutapisha vyoo katika maji ya mvua, kitendo ambacho ni kosa, na maji hayo hutuama juu ya visima visivyo na mfuniko wala ukingo.

Hatua ya kwanza haihitaji sheria mpya. Fomu ya kibali cha ujenzi inaweza kumtaka mwombaji aoneshe visima na makaro yote yaliyo ndani ya mita 30, ikiwemo ya majirani, kwa uthibitisho wa ofisi ya serikali ya mtaa. Bodi ya Bonde nayo inaweza kuipa halmashauri orodha ya visima ilivyovitolea vibali. Pale ambapo umbali haupatikani, kama ilivyo katika mitaa mingi iliyosongamana, halmashauri itapaswa kueleza bayana kwamba kisima hicho ni cha kufulia na kuoshea, si cha kunywa.

Kwa kisima kinachotumika tayari, mwananchi anaweza kupeleka sampuli katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Kuchemsha huua vimelea, lakini hakuondoi naitreti itokayo chooni, ambayo ni hatari zaidi kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga.